Mlezi wa "Okei" Anaondoka

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha kamusi, dada yetu tunayemwita Mama Maana anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Aliingia akiwa mpiga chapa, anatoka akiwa mhariri mwandamizi, na katikati hapo amegombana na kila mmoja wetu kuhusu nukta, mkato na feni ya dirishani. Hakuna aliyewahi kumshinda.

Wageni wetu wajue desturi ya nyumba hii. Neno geni haliingii kwenye kamusi hivi hivi. Linapewa mlezi, naye analitetea kwenye kikao cha Ijumaa. Linapita pale tu wote wanaponyoosha mikono. Likikosa mkono mmoja, linasubiri mwaka mwingine. Na mlezi akistaafu kabla neno lake halijapita, anaondoka nalo, sisi hatuligusi tena.

Mama Maana alipewa "okei". Maskini, alidhani ni kazi ya wiki mbili.

Alianza na maana. Alitega sikio dukani, benki, hata msibani, akatuletea okei ya kukubali, okei ya kumnyamazisha mtu, okei ya nimekusikia ila sifanyi, na okei ya fundi bomba, ambayo kwa utafiti wake ina maana kwamba haji. Siku moja daktari alimuuliza anajisikiaje, akajibu okei, kisha akazama kuichambua ile okei yake mpaka akajikuta kituo cha basi hajatibiwa. Ilibidi arudi.

Kasheshe ilikuwa kwenye asili. Dereva wetu alishikilia kwamba ni sauti ya mtu aliyepaliwa na chai. Mama Maana akapembua kila dai, la dereva likiwemo, akabaki na lile linaloaminiwa na wataalamu wengi: kwamba waandishi wa magazeti ya Marekani, karne ya kumi na tisa, walikuwa na mchezo wa kuandika maneno vibaya kwa makusudi halafu kuyafupisha, na hii ilikuwa "all correct", yaani "yote sahihi", iliyokosewa kuwa "oll korrect" na kufupishwa "O.K." Utani ukasahaulika, neno likabaki.

Mhariri wa tahajia, Mzee Hapana, akapiga meza. Yaani neno lililozaliwa na kosa la tahajia liingie kwenye nyumba ya watu wanaolipwa kusahihisha tahajia? Thubutu! Mkono wake ukabaki mfukoni mwaka huo, na miaka minane iliyofuata. Sisi wengine tulinyoosha mpaka mabega yakauma.

Tuseme wazi: Mzee Hapana ni mume wa Mama Maana. Wanakuja pamoja, wanarudi pamoja, wanakula chungu kimoja. Tulimbembeleza shemeji yetu kwa kila njia. Wapi!

Wiki iliyopita ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Mama Maana alisimama, akasema hajawahi kuomba cheo. Anachotaka ni kuacha humu neno moja tu ambalo wajukuu zake watalifungua na kujua bibi yao ndiye aliyelilea. Mikono ikapanda. Shingo zote zikageukia pembeni kwa shemeji.

Mzee Hapana akakohoa. Akafuta miwani. Akanyoosha mkono.

Tulidhani ameogopa neno lisije likahamia sebuleni kwake. Kumbe! Alikiri kwamba alishakubali tangu mwaka wa pili, ila kila Ijumaa waliyoshindwana kikaoni, mkewe alibishana naye njia nzima hadi mezani, na hajapata jioni tamu kama hizo. Alihofia nyumba ikinyamaza. Mama Maana alimchapa kwa mkoba, kisha akalia, na sisi, watu wazima na akili zetu, tukalia naye.

Ndiyo maana leo hatutoi saa ya ukutani, zawadi ya wastaafu wote. Tumewapa wote wawili neno la kulea nyumbani: "bai". Mama Maana keshaanza. Anasema Waingereza wa zamani walipoagana waliombeana kwa sentensi nzima, Mungu awe nawe, ikasagika midomoni karne kwa karne mpaka ikabaki kipande hiki. Mzee Hapana keshasema hapana.

Asante, dada, kwa ubishi wako wote. Chumba kitakuwa kimya, na hatutakipenda. Bai, Mama Maana, na tunalisema kwa maana yake ya kwanza.