Baiskeli Isiyobeba Kitu

Kijiwe cha Ipagala kilikuwa na taruma moja la reli lililolazwa juu ya matofali kama benchi, birika la kahawa la mzee Swalihu, na watu waliojua kila kitu. Khamisi, karani mstaafu wa stesheni, aliitwa Redio kwa sababu alitangaza habari kabla hazijatokea. Amiri, muuza mitumba, jina lake lilikuwa Soko Huria, maana tangu serikali ilegeze biashara hakuna kitu ambacho yeye hakukiona kama dili, hata ukame. Na Harithi, fundi baiskeli, waliyemwita Spoku kwa wembamba wake, ndiye aliyekaliwa na kijiwe mbele ya kibanda chake bila kuombwa ruhusa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, mwaka tisini na sita. Upepo ulikuwa unatia vumbi hadi kwenye vikombe, na tangu asubuhi Harithi alikuwa hajaziba hata pancha moja.

Saa tatu, kama kila Jumamosi, alipita bwana Respicius na baiskeli yake ya gia, akapunga mkono, akaiacha lami na kuingia njia ya changarawe inayokata malisho na msitu hadi Msalato. Kwa kawaida hurudi adhuhuri. Leo alirudi baada ya nusu saa, amekunja uso, akapita bila hata kupunga mkono.

— Mmeona? akasema Redio. Karudi mapema. Kamaliza.

— Kamaliza nini? akauliza Amiri.

— Kupima.

Harithi aliinamia mnyororo aliokuwa anausafisha kwa mara ya tatu. Alijua fika kilichomrudisha Respicius. Jana alasiri yeye mwenyewe alikata matawi ya mgunga, akayalaza kutoka korongoni hadi ng'ambo ya njia, akajitengea kama nusu eka pale kwenye kona. Mwaka wa nane sasa yeye na mkewe Mwantum walikuwa wanaishi chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba alikuwa anagonga ukuta kila wakikohoa. "Wenzio wanajikatia, wewe unangoja kugawiwa," Mwantum alimwambia. "Utagawiwa kaburi." Harithi alikitaka kile kiwanja kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alichoogopa ni kimoja tu, kwamba Respicius alikuwa anakipima kwa niaba ya mtu mwingine.

— Mimi nilimuuliza, Harithi akasema polepole. Siku ile aliponipa baiskeli nimfungulie keria na madigadi. Akasema anataka njia isiyo na magari. Aende taratibu, aangalie ndege, arudi nyumbani ale.

— Na wewe ukaamini?

— Ndivyo alivyosema.

— Spoku, akasema Amiri, na sauti ilikuwa ya huruma. Mtu mzima. Kapunguzwa kazi ofisi ya ramani juzijuzi, ana watoto wanne. Atoke na baiskeli isiyobeba hata dumu la maji, aende porini, arudi mikono mitupu? Hata kuni?

— Hata kuni, Harithi akakubali.

— Basi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia hivi. Ukiona mtu anaelea tu, jua kuna watu wamemuunda.

Redio aliweka kikombe chini. Alikuwa na ugonjwa wa kutopenda mtu mwingine amalize habari.

— Gurudumu likizunguka mara moja ni mita mbili na kitu. Anahesabu mizunguko kichwani. Ndiyo maana kaondoa keria, uzito usimharibie hesabu. Kengele kaondoa asishtuke akasahau alipofika.

— Na madigadi?

— Madigadi ni siri ya serikali.

— Hakuna serikali pale, akasema Amiri. Ni mwekezaji, kaburu wa Afrika Kusini. Kashauziwa kila kitu kuanzia hapa hadi Makutupora. Atalima zabibu mstari mmoja mpaka upeo wa macho, halafu wewe na mimi tutakuwa vibarua tukizichuma kwetu.

— Wewe umesikia wapi?

— Sijasikia. Nimefikiri. Ningekuwa kaburu, ningefanya hivyo.

Mzee Swalihu alikuwa anamimina bila kutazama, kwa mkono uliozoea kazi hiyo miaka arobaini. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, na hakuna mazungumzo yaliyopita pale bila babu huyo kuingizwa.

— Watoto, nyie mnahangaika na udongo. Babu na wenzake walifukia pembe za ndovu chini ya mgunga mkubwa, huko huko kwenye njia. Pembe kumi na nne. Mtu wa ramani lazima kaona alama.

— Mwaka jana ulisema saba, mzee.

— Mwaka jana hamkuwa mnasikiliza vizuri.

— Si pembe, akasema Redio. Huyu Spoku katuambia ukweli wote, na sisi tumekaa kama magogo. Anaangalia ndege. Ndege gani? Wa manyoya, au zile za abiria? Pale ni uwanja, mabwana. Na uwanja ukishapigwa uzio, hata mbuzi wako ataomba viza.

Habari hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata Amiri hakuwa na ya kuipiku.

— Mali bila daftari hupotea bila habari, Redio akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo mimi nimeweka alama kidogo.

— Alama gani?

— Miiba. Kutoka kwenye kichuguu mpaka palipoanguka mti. Si kuchukua, bwana. Kulinda tu.

Amiri alisimama.

— Kwenye kichuguu? Pale pangu tangu Jumanne.

— Pako vipi?

— Nimezungushia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, sasa mimi nilie kwa nini?

— Mimi, akasema mzee Swalihu, nimezungushia mgunga tu. Mgunga na kivuli chake.

— Kivuli cha asubuhi au cha jioni?

— Vyote viwili.

Wakamgeukia Harithi. Aliona aibu kidogo, kisha akaona nafuu, maana dhambi ya wengi ni nyepesi kubeba.

— Na mimi kule kwenye kona, akasema.

Walibishana kwa muda wa vikombe viwili. Redio alimwita Amiri mnyang'anyi, Amiri akamwambia reli imemzoesha kulala kwenye mali ya umma. Halafu kahawa ikafanya kazi yake. Redio akapendekeza waunde Kamati ya Kulinda Pori la Wote, kila mjumbe alinde upande wake, na ili alinde vizuri ajenge na kulala huko huko. Wakapitisha bila kupingwa. Harithi alichukua spoku, akachora mipaka vumbini, vipande vinne vilivyoshikana bila nafasi katikati. Moyo wake ulijaa furaha. Aliweza kuliona jiko la Mwantum, dirisha likitazama korongo, na hakuna mtu wa kugonga ukuta.

Alikuwa bado amechuchumaa pale aliposikia baiskeli ikikokotwa. Alikuwa Joha, muuza maziwa wa Msalato, mteja wake wa kila Jumamosi. Leo alitokea upande wa lami. Kanga yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na dumu moja kati ya mawili lilikuwa linaning'inia tupu.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitika. Mbona umechelewa?

— Njia yetu imezibwa. Nimekuta miiba mara nne, ya kwanza nikaizunguka, ya pili nikaiburuta, mpaka mikono ikashindwa. Nikarudi nikaifuata lami. Pale darajani lori likanibana, nikaangukia mtaroni. Nusu ya maziwa imekwenda na mchanga.

— Pole sana, akasema Redio.

— Wenzangu wa zabibu nimewaacha wamekaa chini. Wa mkaa wamegeuza. Kwenye lami hawawezi, malori hayamwoni mtu mwenye mzigo. Akafuta uso kwa ncha ya kanga, akaendelea. Nyie mnashinda hapa, hakuna jambo linalowapita. Kesho nipite wapi?

Amiri alitazama viatu vyake. Redio alikohoa, akafungua kinywa, akanywea kikombe kilichokwisha. Harithi alisogeza mguu taratibu akafuta mchoro vumbini. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Aliwaza miguu ya Joha ikikanyaga pedali kwenye lami, na mara hiyo hiyo akaliona tena lile jiko la Mwantum, na hakujua amwache nani.

Mzee Swalihu alimimina kikombe, akakinyoosha.

— Kunywa kwanza kahawa, mwanangu.

— Sijauliza kahawa, mzee, akasema Joha.

Akamgeukia Harithi, baiskeli ikiwa bado mikononi mwake, akasubiri.