Karatasi Nyekundu za Fundi Chung

Baada ya miaka ishirini na nane ya kuvuta nyaya za kampuni yetu ya mtandao hapa mjini Meinong, fundi Chung Kuei-hsing anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Mimi Liu Man-mei, mpishi wenu, ndimi ninayemwandikia, maana ndimi niliyemlisha miaka yote hiyo. Shule sikukaa sana, lakini nyie mliokaa mngemwandikia mistari miwili tu.

Alianza na pikipiki chakavu na ngazi ya kuazima. Mara mbili alianguka kutoka paa la banda la tumbaku, na mara zote mbili mteja alipata mtandao kabla yeye hajapata dawa. Tambi zangu za mchele alikula bakuli tatu, kisha akalalamika kuwa chumvi imezidi. Haikuzidi.

Sasa kosa lake, maana sifa bila kosa ni uongo. Mashine ya mtandao ya nyumbani huhitaji namba ya mahali pa kuulizia kila tovuti inakaa wapi. Mafundi wanaiita DNS. Ukiiacha mashine ijipokelee, kampuni huipa namba hiyo bila wewe kugusa kitu. Lakini Chung wa ujanani hakuamini jambo ambalo hakuliandika kwa mkono wake. Akaziingiza namba mwenyewe kila nyumba, na kwa kuwa mwandiko wake unapendeza, akaziandika pia kwa wino kwenye karatasi nyekundu na kuzibandika ukutani. Watu wakazichukulia kama maandishi ya heri tunayobandika mlangoni mwaka mpya: bahati ya nyumba, haiguswi.

Mwezi wa tatu mwaka huu ikatangazwa kwamba namba hizo za zamani zitazimwa leo. Nyumba mia moja arobaini na tatu zingebaki bila mtandao. Meneja akasema ziachwe, wenyewe watapiga simu. Chung akamjibu nikiwa namimina supu, "Mwandiko ni wangu. Nitaufuta mwenyewe."

Akaenda nyumba kwa nyumba. Wazee wakamtimua, eti anawafukuzia riziki. Ya mwisho ilikuwa yangu, na kwa ukaidi hakuna anishindaye. Kwa namba zile namwona mjukuu wangu aliye ng'ambo kila jioni, nani azichezee? Nilimfungia mlango mara tatu. Mara ya nne alikaa kizingitini na bakuli lake mpaka nikachoka kumtazama, nikamfungulia.

"Dada Man-mei," akasema, "bahati yako sikunyang'anyi. Nakuandikia nyingine."

Akafuta namba, akaiacha mashine ijipokelee. Kisha akakunjua karatasi nyekundu mpya, akaandika: Acha ije yenyewe. Kumbe nyumba zote kazibandikia hiyo.

Namba zimezimwa asubuhi hii. Nimekaa kando ya simu ya malalamiko tangu saa mbili hadi saa sita, nikimenya vitunguu. Haikulia hata mara moja. Nyie vijana mnadhani ni siku ya kawaida tu. Hiyo kawaida ina mwenyewe.

Asante, Chung. Afya, usingizi mzuri na wajukuu vije vyenyewe. Ila tambi hazitakuja zenyewe. Njoo ule.