Ukuta Wenye Haukuisha

ÉLIÉZER: Allô? Nani huyu?

SIDONIE: Ni miye, papa. Sidonie. Umeamka salama?

ÉLIÉZER: Salama, mwanangu. Juu ya nini unaongea polepole? Umeiba kitu ku musée?

SIDONIE: Niko ku pause, napumzika. Chef akisikia gardienne, mulinzi wa makumbusho, anapiga simu— bon. Papa, ile exposition imefunguka. Kuta za nyumba za Baromain, batu ba Roma ya zamani, na picha zake. Volcan, mulima wa moto, ilizifunika na majivu, miaka elfu mbili, deux mille ans, mpaka leo rangi ya rouge inawaka.

ÉLIÉZER: Deux mille? Bibao bya duka nilibyochora Goma bilimaliza masika mbili. Fundi gani huyo?

SIDONIE: Anakushinda.

ÉLIÉZER: Ah bon. Batoto ba sasa.

SIDONIE: Nimekupatia ticket ya jeudi, Alhamisi hii.

ÉLIÉZER: Magoti, Sidonie.

SIDONIE: Kupanda kwa tonton Joël kucheza muchezo ya dames, magoti inapona.

ÉLIÉZER: Ngazi za Joël ni fupi. [mtandao unakwaruza] Na volcan, mi nilishaona yangu.

SIDONIE: Najua.

ÉLIÉZER: Yetu haikuleta majivu ya kuchunga kitu. Ilileta moto, ukaingia mpaka ndani ya nyumba, ku salon.

SIDONIE: Kuko ukuta moja hapa hawakuumaliza.

ÉLIÉZER: Mafundi bavivu.

SIDONIE: Hapana. Mulima ulipasuka bakiwa ku kazi. Bakakimbia, bakaacha chungu ya chokaa chini.

ÉLIÉZER: [anavuta kiti, anakaa]

SIDONIE: Allô? Papa? Réseau hii—

ÉLIÉZER: Niko. Walibakisha nini?

SIDONIE: Ni picha ya mwanamuke. Sura iko, nguo yake, robe, iko. Mukono moja ni muchoro tu.

ÉLIÉZER: Wa kuume?

SIDONIE: Wa kushoto. Juu ya nini?

ÉLIÉZER: Nilikuwa namuchora maman yako ku ukuta wa salon yetu, akachoka kusimama. Nikamwambia, Rolande, pumzika, mukono tutamaliza kesho. Hiyo kesho tulikuwa njiani, na godoro ku kichwa.

SIDONIE: Haukuniambia hata siku moja.

ÉLIÉZER: Haukuuliza. Ulikuwa unasema tu naharibu ukuta.

SIDONIE: Nilikuwa na miaka sita tu, six ans, papa.

ÉLIÉZER: Six ans, na mudomo tayari.

SIDONIE: [anacheka, anavuta pua] Chef anakuja. Nakata—

ÉLIÉZER: Jeudi, saa ngapi?

SIDONIE: Quatorze heures, saa nane ya mchana. Nitakungoja ku mulango. Na usiguse kitu, nitakufukuza mwenyewe.

ÉLIÉZER: Nakuja na crayon na karatasi, basi.

SIDONIE: Ya nini?

ÉLIÉZER: Mukono. Wako ni ule ule wa maman yako. Utaweza kusimama muda mrefu?

SIDONIE: Papa. Kusimama ndiyo kazi wananilipia.

ÉLIÉZER: Bon. Alors usivae gants ku mikono siku hiy— Allô? Sido?