Mzee Amri na Programu Aliyoiweka Bila Kuijaribu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja kwenye chumba cha kompyuta cha hospitali yetu, Mzee Amri anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa hakupenda kushika kipanya. Kila kitu alikifanya kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Mkewe husema nyumbani amri zake hazifanyi kazi hata moja.

Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Yeye ndiye aliyetuhamishia kwenye mfumo huria wa kompyuta, usiolipiwa leseni. Yeye pia ndiye aliyetaka zile programu ndogondogo za zamani, za kunakili, kufuta na kupanga mafaili, zibadilishwe kwa mpya zilizo salama zaidi. Kila programu ya zamani na mpya yake alizipa kazi ileile, akalinganisha majibu mpaka macho yakamwuma. Tulimcheka sana. Hakujali.

Ikabaki ya kunakili. Wakubwa wakawa wanampigia simu kutwa: wakaguzi wanakuja, mbona humalizi? Akachoka, akaiweka bila kuijaribu. Kumbe ile mpya, diski ya akiba inakowekwa nakala za mafaili ya wagonjwa ikijaa, iliacha kunakili na bado ikajibu kwamba kazi imekwisha. Kompyuta ya kliniki ya figo ilipokufa, tulikimbilia nakala. Hazikuwepo.

Fundi cherehani mmoja, mgonjwa wa kliniki hiyo, aliletwa hajiwezi hata kusema. Akachomwa dawa ambayo mwili wake uliwahi kuikataa. Habari hiyo ilikuwa kwenye faili lililopotea. Alifariki.

Aliyemchoma ni mimi, muuguzi wa zamu. Wakubwa walikwisha kuamua mzigo niubebe mimi. Mzee Amri akaingia walimokaa wafiwa, akasimama mbele ya binti wa marehemu.

"Muuguzi hana kosa," alisema. "Kosa ni langu. Niliharakishwa, nikakubali."

Hakuna mkubwa hata mmoja aliyesimama naye. Inanichoma mpaka leo.

Tangu hapo amekuwa akipita wodini, akiwauliza wagonjwa habari zao na kuziandika upya. Kwa binti yule amekwenda mara mbili, na mara zote mbili hakufunguliwa.

Mzee wetu, msamaha anao binti wa marehemu. Mimi siwezi kukupa. Shukrani ninazo, zote ni zako. Tunakutakia siku za utulivu, usingizi usiobembelezwa, na siku moja binti yule akufungulie mlango.