Dada Dadu na Ndugu Wawili Mezani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetengeneza meno ya bandia mchana, na jioni akafundisha watu mchezo. Alifariki juzi asubuhi, hospitalini, moyo ulipomshinda. Wateja walimwita fundi. Wadogo zake wawili wa kiume walimwita dada. Wachezaji wake walimwita Dada Dadu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: hauna ubao, hauna karata. Watu wachache wanaizunguka meza. Mmoja anasimulia hadithi. Wengine, kila mtu na mhusika wake, wanasema wahusika hao wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, unarusha dadu, na namba inayotoka ndiyo inayoamua. Dadu zake, kila moja yenye nyuso ishirini, alizitengeneza mwenyewe karakanani, kwa mabaki ya plastiki ya meno ya bandia, kwa hiyo zilikuwa na rangi ya fizi. Wageni walizishika kwa ncha za vidole.

Kanuni za mchezo huu ni nyingi, na wengi huzifundisha kama wanaosoma wosia. Mtu anasinzia kabla hajaanza. Dada Dadu alikutia matatani kwanza. Ukiuliza, “Sasa nafanyaje?” ndipo alipokupa kanuni. Moja tu.

Jirani yake, fundi cherehani, ameniambia hivi: “Jioni yangu ya kwanza alinitumbukiza mtoni. Nilizijua kanuni za kuogelea kabla sijajua mchezo unaitwaje.”

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hao wadogo zake wawili. Walirithi karakana ya kuchomelea vyuma kwa baba yao, wakafanya kazi pamoja. Siku moja kitindamimba alisahau kufunga mtungi wa gesi. Ukalipuka. Kaka yake akapoteza sikio la kushoto. Lipo, lakini halisikii. Kitindamimba alikimbia, na hospitali hakukanyaga. Kwa aibu, anasema leo. Kaka mtu aliiona ni dharau. Miaka sita hawakusemezana. Hata mama yao alipozikwa, mmoja alisimama huku, mwingine kule. Miaka sita.

Dada akajaribu wazee, akajaribu machozi. Haikusaidia. Ndipo akamwambia kila mmoja kwa wakati wake: “Meza yangu imepungukiwa mtu. Njoo Jumamosi nikufundishe, hata kama utanicheka.”

Kaka alifika kwanza. Akajichagulia mhusika: msaka njia mwenye masikio makali, anayesikia hata mnyama akipumua gizani. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia kitindamimba. Akamwona kaka yake. Mkono wake ukabaki kwenye kitasa.

“Kaa,” dada akasema. “Chai inapoa.”

Fundi cherehani alikuwapo. Kaka alitazama ukuta. Kitindamimba alitazama meza. Ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Kiburi kiliwaketisha wote wawili.

Dada akaanza kusimulia. Wako kwenye mgodi wa zamani. Ardhi inatitia. Kitindamimba anatumbukia shimoni, ananing'inia kwenye kamba. Na kamba hiyo, wasikilizaji wapendwa, imeshikwa na kaka yake.

“Sasa nafanyaje?” kaka akauliza, akimwuliza dada, si mdogo wake.

“Hufanyi kitu kwanza. Kanuni ni hii: aliye kwenye kamba aseme kwa kinywa chake anataka nini. Asiposema, wewe huruhusiwi kurusha dadu.”

“Hiyo umeitunga sasa hivi.”

“Ipo,” fundi cherehani akadakia. “Hata mimi ilinitesa.”

Kitindamimba akazidi kuinamia meza. Kaka akasukuma kiti nyuma, akasimama.

“Ukiondoka, umeachia kamba,” dada akamwambia.

“Dada, ni mchezo tu.”

“Basi iachie.”

Hakuiachia. Alisimama palepale, amekunja ngumi kana kwamba kuna kitu ndani yake. Ndipo sauti ndogo ikatoka upande wa pili wa meza.

“Usiniachie.”

“Sema kwa nguvu,” kaka akajibu. Mara ya kwanza kwa miaka sita. “Sikio la upande huo halisikii. Na unajua kwa nini.”

Fundi cherehani anasema alidhani watapigana. Kitindamimba akainua uso. “Usiniachie, kaka. Nilikosa. Nivute.”

Kaka akachukua dadu, akarusha. Ilitakiwa kumi na mbili au zaidi. Ikatoka nne.

“Kamba inateleza,” dada akasema.

“Badilisha.”

“Dadu haibadilishwi. Lakini kuna kanuni nyingine. Unaweza kurusha tena, ukikubali mhusika wako apoteze kitu chake kabisa. Hakirudi. Unatoa nini?”

Kaka akaipitia kwa kidole karatasi iliyoandikwa sifa za mhusika wake.

“Sikio.”

“Lipi?”

“La kushoto.”

Kitindamimba alifunika uso kwa mikono yote miwili. Dadu ikazunguka mezani, ikagonga kikombe, ikatulia. Kumi na tano.

Msidhani walikumbatiana. Kaka mwenyewe ameniambia kwa simu: “Tulitoka nje tukagombana. Nilimwuliza kwa nini hakuja hospitali, akanijibu ovyo, tukakaripiana mpaka majirani wakachungulia. Nilirudi nyumbani koo linauma. Nikalala vizuri.” Mwezi uliofuata walifungua tena karakana ya baba yao, pamoja. Wanagombana hadi leo.

Binti wa marehemu ameniachia neno moja. Alimwuliza mama yake: je, kama dadu ya pili ingekataa? Ungefanyaje?

Mama akamjibu: “Ningemwambia amedondoka. Nisingedanganya. Niliogopa, mwanangu. Nilijua naweza kuwapoteza wote wawili. Lakini nilikuwa nimeshawapoteza.”

Kwa binti yake, pole sana. Kwa wadogo zake, poleni. Kwa wote waliojifunza mezani pake, poleni; Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Yupo ndugu ambaye salamu zake zinapitia kwa watu? Usingoje mkutane makaburini. Msiba huwakutanisha watu, wasikilizaji wapendwa. Hauwapatanishi.