Malachy Gilrane na Vibonyezo Vinane

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, Malachy Gilrane anastaafu baada ya miaka arobaini na moja ya kutengeneza filimbi za mbao katika karakana yetu ya mjini Drumshanbo. Mimi ni mama yake. Pia nimekata ngozi za vibonyezo, zile zinazoziba matundu ya pembeni hadi mpigaji abonyeze, hapo miaka kumi na tisa, kwa hiyo ninayosema nimeyaona.

Kwanza ijulikane kwamba mwanangu hana mfano. Mletee filimbi ya mwaka 1850 iliyopasuka kichwa, vibonyezo vyake vinane vya fedha vimelegea, springi zimeliwa na kutu. Ataziba ufa, atabadilisha springi, ataweka ngozi mpya. Kisha huziba matundu kwa vidole na kunyonya hewa. Filimbi ikimganda mdomoni, haivuji hewa tena, imepona. Isipoganda anaanza upya, chai ipoe tu.

Shida ni wapigaji wetu. Hapa Leitrim mtu hupiga kwa vidole sita juu ya matundu sita, kama babu yake, na vibonyezo huviacha vikae kama vyombo vya wageni kabatini. Mzee Cathal Shivnan wa Ballinamore alileta filimbi yake mara saba, ya kwanza mwaka 1984. Mara saba Malachy aliitengeneza, na mara saba Cathal alivifunga vibonyezo kwa uzi kabla hajafika mlangoni.

"Vinagongana kama ndoo, kijana," alisema. Kijana mwenyewe ana miaka sitini na mitano.

Malachy hakulalamika. Aliniambia tu kwamba angependa, kabla hajastaafu, asikie kibonyezo kimoja kikitumika.

Jumanne iliyopita Cathal alikuja mara ya nane. Alipokabidhiwa filimbi akatoa uzi mfukoni, akautazama, akaurudisha. Akapiga wimbo wa taratibu. Katikati kuna sauti ambayo miaka yote huipata kwa hila, kwa kuziba tundu nusu. Safari hii alibonyeza kibonyezo. Ikatoka safi.

"Kumbe ilikuwa humu," alisema.

"Tangu 1984, mzee," akajibu Malachy, akaenda kutafuta ufagio. Ufagio alikuwa ameushika.

Asante, mwanangu, kwa niaba ya karakana na ya filimbi zote zilizofungwa uzi. Pumzika kwa afya na furaha. Jumapili njoo ule. Viazi vipo, na Cathal nimemwalika.