Stovu Mia Mbili na Arobaini za Bi. Nyangi

Tarehe 30 Juni 1999, Bi. Damaris Nyangi anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika kiwanda chetu cha stovu hapa Suna. Aliingia mwaka 1971 kama mpiga chapa, akajisomea sheria za makampuni kwa njia ya posta, na tangu 1983 amekuwa Afisa wetu wa Sheria na Usalama. Mafundi husema heri mkaguzi wa serikali kuliko Nyangi, kwa sababu mkaguzi hutoa taarifa kabla ya kuja.

Ni yeye aliyeamuru kila stovu ipigwe namba chini ya tangi, na wenye maduka waandike jina na kijiji cha mnunuzi. Bi. Kultum, mwenye duka la vyombo mjini Migori, aliuliza kama tunapanga kuzibatiza.

Agosti 1994, stovu yetu moja ilivuja mafuta ya taa huko Kisegi, ikalipuka. Bi. Achola, muuza samaki, aliungua mkono na nyumba yake ya kupikia ikateketea. Nyangi aliisoma namba, akapasua matangi ya stovu zilizotengenezwa pamoja nayo na kubaki ghalani, akakuta mishono imeunganishwa kwa risasi mbovu ya kulehemu. Za fungu hilo, mia mbili na arobaini zilikuwa zimeshauzwa.

Wakili wa kampuni alishauri tunyamaze. Kuzirudisha ni kukiri kosa, alisema, na bima ingeweza kujitoa. Mkurugenzi wetu, Mzee Hamud, alisita. Nyangi akamwambia, "Mzee, hii ya kwanza tunaweza kuiita ajali. Ya pili tutaiitaje, na sisi tulijua?"

Mzee akaagiza pikapu ijazwe mafuta.

Kwa wiki sita, mimi nikiendesha na yeye akiwa na orodha magotini, tulizunguka hadi Homa Bay tukitoa mpya kwa mbovu. Wachimba dhahabu wa Osiri walikataa katakata. Zao zilichemsha chai vizuri. Nyangi aliketi nao, akajaza tangi moja, akalizungushia gazeti, wakasubiri. Gazeti lilipolowa, walizileta zote, na mmoja akaongeza stovu ya kampuni nyingine. Hiyo tulimrudishia.

Kisegi, alimwomba Bi. Achola radhi kwa niaba ya kampuni, jambo ambalo wakili alikuwa amelikataza kwa maandishi. Kampuni ikamtibu na kumjengea upya. Hakwenda mahakamani, wala bima haikujitoa.

Stovu 231 zilirudi. Namba za zile tisa ambazo hazikuonekana, Nyangi amemkabidhi Bi. Sumeya, anayerithi kiti chake, hata kabla ya funguo za ofisi.

Bi. Nyangi, asante sana. Nenda ukalime mahindi yako Kehancha, ulale usingizi mnono, na usisome tena maandishi madogo ya mtu yeyote. Siku zako za mbele ziwe ndefu na njema.

Cliff Kerosi, Idara ya Mauzo